Hadubini na Maji ya Lambo

Nilipokuwa mdogo, kitu chochote chenye skrubu kilikuwa hakinipiti. Kwetu Kintinku niliifungua saa ya mezani ya baba nione ni nini kinachogonga ndani, nikachapwa. Ikapelekwa kwa fundi, ikarudi, nikaifungua tena, nikachapwa tena. Mama alikuwa akisema, huyu akiolewa atamfungua na mume. Basi sikuolewa mapema. Nilikwenda kusomea ualimu, na nilipomaliza nikapangiwa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Ujamaa kule Iramba, ukitoka Kiomboi kuelekea Shelui. Mimi Mgogo, peke yangu katikati ya Wanyiramba, na hasira zangu za karibu.

Kijiji kilikuwa kipya. Watu walikuwa wameletwa pale kutoka kwenye miji yao ya zamani, ambako kila ukoo ulikuwa na kisima chake cha kuchimba mchangani, wakapangwa nyumba kwa nyumba kwa mistari. Maji yao wote sasa yalikuwa lambo moja, bwawa lililochimbwa bondeni chini ya shule. Pampu waliahidiwa. Mabomba yalikuwa yameshaletwa, yamelala kando ya ofisi ya kijiji, na watoto walikuwa wakiingiza vichwa humo na kupiga kelele wasikie sauti zao zikitokea upande wa pili. Lakini pampu yenyewe haikuja. Kwa hiyo walikunywa lambo watu, punda na mbuzi, na ng'ombe walipokuwapo waliingia mpaka tumboni.

Shule haikuwa na kitu. Hilo halikunisumbua sana, maana mtu anayependa vitu hujitengenezea. Nilitafuta kibuyu kikubwa nikachora juu yake dunia nzima, mabara na bahari, nikakitoboa nikapitisha kijiti kizunguke. Nilichukua balbu iliyoungua, nikaitoa matumbo, nikaijaza maji, nikaiweka mbele ya kisanduku chenye tundu, na picha nilizochora kwenye karatasi ya nailoni zikatokea ukutani kubwa kama mtu. Niliomba redio kwa ajili ya masomo ya shule yaliyokuwa yakitangazwa asubuhi, na betri zilipochoka tulizianika juu ya bati zipate jua, zikafufuka kidogo. Mwalimu mkuu, mzee mpole, alikuwa akinitazama akitikisa kichwa. "Mwalimu," aliniambia, "wewe ulipaswa kuwa fundi baiskeli." Nikamjibu kwamba fundi baiskeli angalau hupewa spana.

Halafu ndiyo nikapata hadubini. Daktari mmoja aliyekuwa akihama alikuwa na ya zamani, ya shaba, yenye kioo kidogo chini cha kunasa mwanga wa jua na kuupandisha juu kupitia kwenye lenzi. Aliponiuliza kama shule ingeitaka, nilikaribia kumkumbatia, mtu mzima na mke wake amesimama pale. Niliipakata kwenye basi kutoka Kiomboi kama mtoto mchanga. Abiria wa pembeni akaniuliza ni nini, nikamweleza, akahama kiti.

Kesho yake sikufundisha kitu kingine chochote. Niliweka meza nje kwenye jua, nikachota maji ya lambo kwa kikombe, nikaweka tone moja juu ya kigae cha kioo, nikawaita darasa la nne waje mmoja mmoja. Jamani, kelele! Wengine walichungulia wakaruka nyuma. Wengine walicheka. Mmoja alichungulia chini ya meza kuona hao wanyama wamefichwa wapi. Walikuwamo wa kila namna: wa mviringo wanaobingirika, wembamba wanaojipinda, na wale wanaorukaruka kama viroboto. Nami niko pembeni nimefurahi kuliko wao.

Aliyekaa muda mrefu kuliko wote alikuwa msichana mmoja mdogo kuliko wenzake, wa dawati la mbele, mwenye akili ya kukata kama wembe. Alikuwa hasemi mpaka afikiri, na akishasema huna pa kutokea. Alitazama, akatazama, mpaka wenzake wakaanza kumvuta gauni. Alipoinua kichwa aliniuliza, "Mwalimu, hawa ndio tunawameza?"

"Kila siku!" nikamjibu kwa shangwe. "Ndiyo maana nawaambia mchemshe." Na ili somo likamilike, nikachemsha maji yale yale kwenye kopo, nikaweka tone jingine. "Haya, tazama sasa. Wanatembea?"

Akatazama. "Hawatembei. Wamekufa."

"Umeona?" nikasema. Siku ile nilirudi nyumbani naimba.

Jioni kijijini kukawa na vurugu. Watoto waliofika nyumbani waligoma kunywa maji ya mtungini. Mama zao wakawafokea, baba zao wakachukua fimbo, na kiu nayo ikafanya kazi yake, maana kiu haina mwalimu. Mpaka kulala walikuwa wamekunywa. Wote, isipokuwa yule wa dawati la mbele. Mimi sikujua. Kesho yake hakuja shuleni, nikadhani ametumwa kuni.

Siku iliyofuata, kabla hata sijapiga kengele, nikamwona mama yake anapanda kutoka upande wa lambo. Mgongoni amembeba mtoto mchanga wa kike, kibuyu kinaning'inia begani, na mkono mmoja amemshika yule binti, anamkokota. Mwalimu mkuu alikuwa amekwenda Kiomboi kufuatilia vifaa, shule nzima ilikuwa juu yangu. Binti alipofika mbele yangu alitaka kupiga goti kunisalimia, magoti yakamkatalia akakaa chini. "Shikamoo Mwalimu," akasema. Midomo ilikuwa imepasuka, na ulimi ulikuwa mweupe. Nikasahau hata kuitikia.

"Hajanywa tangu juzi," mama akasema. "Ugali hali, anasema umepikwa kwa maji. Uji hataki. Baba yake alimbana jana tukamtia maji kinywani kwa nguvu, akayatapika yote. Maziwa hakuna, ng'ombe wote wamepelekwa mbali kwenye malisho. Mwalimu, mimi sikujui kwa ubaya. Lakini wewe ndiye uliyemfunga kinywa huyu, na wewe ndiye utakayemfungua."

Nikasema hilo si jambo, nikaingia ndani nikatoka na maji yangu mwenyewe, yaliyochemshwa, yamepoa, kwenye kikombe safi. Nikachuchumaa. "Haya, mwanangu. Haya yamechemshwa. Wewe mwenyewe uliona kwamba wanakufa."

"Ndiyo, Mwalimu," akanijibu polepole. "Wanakufa. Halafu wanabaki humo humo."

"Wakibaki wamekufa, watakudhuru nini?"

Hapo akamtazama mama yake, na mama akainamisha kichwa. Ndipo mama aliponieleza. Kwenye nyumba yao, mtu akifa, maji yote yaliyokuwa yamehifadhiwa mle ndani yanamwagwa, mtungi unasuguliwa kwa majivu, na hakuna anayeweka tone mdomoni mpaka yaletwe mengine. Maji yaliyolala na maiti hayanywewi. Bibi yake, aliyemlea, alimfundisha hivyo kabla hajajua kutembea vizuri, na alipokufa bibi huyo huyo, mtoto aliona mitungi ikimwagwa kwa macho yake. Sasa mimi, msomi, nilikuwa nimechukua kikombe kilichojaa wadudu wazima, nikawaua, nikamwonyesha maiti, nikamwambia anywe.

"Basi nitayachuja," nikasema. "Kwa kitambaa safi."

"Ulisema wengine wanapita hata kwenye kitambaa, Mwalimu. Juzi ulisema."

Nilisema, kweli. Kila mlango niliotaka kutokea nilikuwa nimeufunga mwenyewe kwa maneno yangu, na yeye alikuwa ameyashika yote, hakudondosha hata moja. Mwanafunzi hodari kuliko wote niliowahi kufundisha, na uhodari wenyewe ulikuwa unamkausha mbele ya macho yangu. Nilishikwa na woga, sifichi. Kwenda hospitali Kiomboi kulihitaji gari, na gari lenyewe kulipata ilikuwa mpaka utembee hadi barabarani ukasubiri lori la Shelui, siku lipitapo.

Habari hazina miguu lakini hufika. Mara naona watu wanapanda, kumi, ishirini, mbele yao mwenyekiti wa kijiji na fimbo yake ya kutembelea, na ubavuni mwake baba wa mtoto, mfugaji, mrefu, mkimya, ameshika rungu. Wanafunzi wote wakamwagika nje ya madarasa. Nikawafokea warudi ndani, hakuna aliyenisikia.

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Ila alikuwa ameahidi pampu kwenye mkutano mbele ya wakubwa kutoka wilayani, na tangu hapo kila aliyetaja maji alimwona kama anamtukana. Nikamwamkia, akaitikia kwa haraka. "Mwalimu," akasema, "nasikia unawaambia watoto kwamba maji ya kijiji yana wadudu."

"Yanao, Ndugu Mwenyekiti. Siyo mimi niliyewatia."

"Ala! Watu hawa wamehama kwa hiari yao, wamejenga taifa, halafu wewe unawaambia wanakunywa wadudu? Unajua maneno hayo yanaitwaje?"

"Yanaitwa sayansi," nikamjibu. Hasira zangu hizo. Watu wakaguna.

Nikaona heri aone mwenyewe. Nikaileta hadubini mezani, nikaweka tone, nikageuza kioo mpaka jua likanasa. Mwenyekiti akavua kofia, akainama, jicho lake akalibandika kabisa kwenye tundu, na mtu anayechungulia hivyo kwa mara ya kwanza haoni kitu ila kope zake mwenyewe. Nilijua hilo, watoto wote walianza nazo. Lakini kabla sijasema neno alikuwa ameshashtuka. "Mama yangu!" akapiga ukelele. "Miguu! Ina miguu mirefu myeusi! Inapepesa!"

Ningemwambia nini? Kwamba mwenyekiti wa kijiji ameogopa kope zake? Mbele ya kijiji kizima? Nikang'ata ulimi, na kuung'ata kwangu kukaharibu zaidi. Wanawake wawili waliokuwa na ndoo wakamwaga maji pale pale. Mmoja akasema miguu mirefu myeusi hiyo haikuwamo lambo tangu zamani, imeletwa. Mwingine akauliza imeletwa na nani, na nikaona macho yanageuka polepole, yanatoka kwenye meza, yanakuja kwangu. Mgogo. Mwanamke asiye na mume. Mwenye vyombo ambavyo haviachi hata usiku.

Baba wa mtoto akasogea. Hakupandisha sauti. "Kitu hiki nikikivunja," akasema, "mwanangu atakunywa."

Nikasimama kati yake na meza. Nilikuwa namfikia kifuani tu, lakini nilisimama. Na pale chini, kivulini, sauti kama ya karatasi ikasema, "Baba, ukikivunja bado watakuwemo majini."

Rungu likabaki limeinuka nusu. Mwenyekiti akaona hapo pana haja ya uongozi. Akaagiza kata ya maji kutoka kwenye ndoo moja iliyobaki, maji ya lambo, mekundu, yana majani. Akanipa mimi mkononi. "Mwalimu, mambo ni rahisi. Kama hukuyatia kitu, kunywa. Mtoto akuone. Ukinywa wewe, naye atakunywa, na sisi tutarudi kwenye kazi zetu."

Kata ilikuwa mkononi mwangu. Nisipokunywa, mimi ni mchawi, na tena nimemroga mtoto wa watu. Nikinywa, yote niliyomfundisha ni uongo, na yeye alikuwa ananitazama kwa macho yaliyoingia ndani, hajapepesa. Kunywa kwenyewe sikukuogopa sana, tumbo langu limeshapitia mengi. Nilichoogopa ni macho yale. Nikajua hata nikinywa, yeye hatakunywa. Ataniona tu kwamba nimeogopa watu kuliko nilivyoogopa wadudu, na ataendelea kukauka, sasa hana hata wa kumwamini.

Nikaiweka kata chini. Mlio uliotoka kwa wale watu siusahau. Nikapiga magoti karibu na binti, nikamuuliza kwa sababu sikuwa na lingine la kumuuliza, "Mwanangu, hivi kuna maji gani duniani ungeyanywa?"

Akafikiri. Hata katika hali ile, akafikiri kwanza. "Ya mvua," akasema. "Ulisema jua linayavuta maji, yanapanda yenyewe. Uchafu unabaki chini. Wadudu hawawezi kupanda."

Nikasema pale pale, "Je, nikikutengenezea mvua?"

Lo! Nilikuwa nimesahau niko wapi. Kule mvua ina watu wake, ina koo zake, na mwaka wa ukame kama ule hata kuitaja kwa mchezo ni kosa. Mwanamke mmoja akaziba mdomo. Baba akanitazama kama anayetazama mtu aliyepasuka kichwa. Lakini mama wa mtoto akanyanyuka, akamfunga vizuri mchanga mgongoni, akasema, "Unataka nini, Mwalimu? Kuni? Nakwenda."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikachukua chungu kikubwa cha kupikia makande ya shule, nikatia maji ya lambo kidogo chini, katikati nikaweka jiwe, juu ya jiwe bakuli tupu. Mdomo wa chungu nikaufunika kwa karai lenye maji ya baridi, tako la karai likiwa juu ya bakuli, ili mvuke ukipanda ugonge pale, upoe, udondoke bakulini. Nikapiga magoti nikaanza kuziba pembeni kwa udongo mvuke usitoroke, na hapo nikasikia kicheko nyuma yangu, halafu kingine.

"Haa! Mwalimu anapika gongo!"

Weee, ilikuwa kweli tupu. Kitu nilichosomea chuoni kwa michoro ya chupa na mirija, wao walikuwa nacho vichakani. Na gongo, pombe hiyo ya mvuke, ilikuwa marufuku kubwa, watu wamelala mahabusu kwa ajili yake. Wote wakamgeukia mwenyekiti waone atasemaje, chombo cha haramu kinapikwa uwanja wa shule mchana kweupe. Mwenyekiti akakitazama chungu. Akamtazama mtoto. Akaangalia pembeni, mbali, kwenye vilima. "Udongo huo mkavu," akasema kama anayeongea na vilima. "Utapasuka. Changanya na pumba." Halafu akakohoa sana.

Ghafla kila mtu akawa mtaalamu. Huyu anasema moto umezidi, ukichemka kwa fujo maji ya chini yataruka bakulini. Huyu anasema maji ya karai yakipata joto yatolewe, yawekwe mengine. Wale waliokuja kunipiga sasa walikuwa wanagombea kuchochea. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama mtoto, na jua.

Maana nilijua kitu ambacho wao hawakukijua. Yule hatakunywa mpaka ahakikishe kwa jicho lake, nami nilikuwa nimemfundisha hivyo. Na hadubini bila jua ni bomba tu la shaba. Na mvuke haukimbizwi. Ukiuharakisha kwa moto unaharibu, ukiuacha unatambaa. Jua lilikuwa limeshapita utosini, linateremka kwenye paa la ofisi, na nyuma ya ofisi kulikuwa na miti. Nikaihamisha meza mbele kidogo. Baada ya muda nikaihamisha tena.

Mtoto akaacha kuongea. Mama akawa anamwita kwa jina lake, anaitika kwa kichwa. Akamwita tena, akaitika kwa kidole. Baba aliweka rungu chini, akaenda akasimama mahali ambapo kivuli chake kingemfunika binti yake, na jua liliposogea naye akasogea. Hakuna aliyemwambia. Nilikuwa nikimchukia mtu yule asubuhi ile, na nilipomwona anahama na jua, chuki ikanitoka, ikabaki hofu peke yake.

"Toa sasa," nikasikia watu wanasema.

"Bado."

"Mwalimu, mtoto!"

"Namwona!" nikafoka. "Mnadhani simwoni?"

Meza ilipofika ukingo wa uwanja, hapakuwa na mahali pengine pa kuihamishia. Nikabandua karai. Mvuke ukanipiga usoni, nikaingiza mkono, nikaungua, nikalitoa bakuli. Ndani yake kulikuwa na maji ya kujaza kikombe, siyo zaidi. Mchana mzima, mzigo mzima wa kuni, kikombe kimoja. Yalikuwa meupe kiasi kwamba watu wa nyuma walidhani bakuli ni tupu.

Nikaweka tone kwenye kigae. Kioo cha chini nikakigeuza huku na huku, nikakosa jua, nikalikosa tena, na mwishowe likanasa, jekundu, la mwisho mwisho. Baba akamnyanyua binti yake akamshika mbele ya meza, miguu inaning'inia. Binti akaweka jicho. Hakubandika, aliliweka mbali kidogo kama nilivyowafundisha. Akatazama kwa muda wake. Mungu wangu, muda ule! Mwenyekiti alikuwa amevua kofia tena.

"Hamna kitu," binti akasema.

Nikampa bakuli. Akalishika kwa mikono miwili, akanywa mdogo mdogo, koo likipanda na kushuka, na mama yake akaanza kulia kwa sauti kama amefiwa. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikakaa chini kwenye vumbi. Nilikuwa nimeshinda, na sitasema uongo, nilijisikia mkubwa kuliko mlima.

Alipofika nusu akaacha. Nikamwambia amalize, akatikisa kichwa. Akamwomba mama yake ageuke, akapeleka bakuli kwenye mdomo wa yule mchanga mgongoni, akamnywesha yaliyobaki mpaka tone la mwisho, akimfuta kidevu. Halafu akanigeukia. Sauti ilikuwa imeanza kumrudia.

"Na kesho, Mwalimu?"

"Kesho tutapika tena," nikasema haraka. "Tutaanza mapema."

"Na wenzangu?"

Vigelegele vilikuwa vimekwisha. Nikawatazama wale watoto waliojaa uwanjani, wote waliochungulia tone lile, kila mmoja na mdogo wake mgongoni au nyumbani, nikalitazama bakuli.

Baba yake akamkalisha chini taratibu. Akaja mezani, akaishika hadubini kwa mikono yote miwili, na safari hii sikusimama kumzuia. Hakuivunja. Aliifuta vumbi kwa pindo la shuka lake, akanikabidhi.

"Kitu chako ni cha kweli," akasema. "Nimeamini. Lakini mtoto haonyeshwi njaa kwenye nyumba isiyo na unga. Kifungie, Mwalimu. Siku ukiwa na maji ya kuwapa, ndipo uwaonyeshe haya wanayokunywa."

Akamchukua binti yake mgongoni, wakateremka na mama yake kwenda nyumbani, na njia ya nyumbani kwao ilikuwa inapita lambo. Nikawaona wanafika pale. Mama akashusha kibuyu, akainama, akachota yale yale.